Mwavuli Mweusi wa Kawaida

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeanza kazi katika Chumba cha Vilivyopotea, kituo kikuu cha mabasi, dirisha la mwisho baada ya vyoo. Nipo kwenye majaribio hadi tarehe 30 Mei. Mkuu amenionyesha barua ya ajira, tayari imechapwa na ina jina langu, imekosa sahihi tu. Halafu akaifungia mezani kwake. Nadhani alitaka niione ikifungiwa.

Tupo watatu. Mkuu ana chumba chake chenye mlango wa kioo. Dirishani anakaa mama mmoja wa makamo ambaye ndiye mwenye ufunguo wa kabati la kadi. Kituo kizima, kuanzia madereva hadi wafagiaji, kinamwita Bi Kabati, naye anaitika. Mimi ni karani wa matangazo.

Kazi yetu ina maandishi ya aina mbili. Kitu kikiokotwa kwenye basi, Bi Kabati hutafuta alama yake ya pekee, akaiandika kwenye kadi, na kadi ikafungiwa kabatini. Mimi huandika tangazo la kubandikwa kwenye kioo cha nje. Tangazo lisitaje alama. Mwenye mali akija anaulizwa alama iko wapi, akipataja mahali anapewa mali yake. Mkuu anasema watu wengi hawajui vitu vyao vinafananaje, kwa hiyo mahali panatosha.

Karani aliyenitangulia alikuwa akiandika "Begi limepatikana, ulizia ndani," abiria wakalalamika. Aliyemtangulia huyo aliandika kila kitu, hata alama, akafukuzwa.

"Wewe uandike kwa ukamilifu," Mkuu alisema, "lakini kitu kiwe hakina sura. Mtu akimaliza kusoma asikumbuke chochote."

Nikasema, "Sawa, mkuu."

Jumanne, 4 Machi

Mvua imeanza. Nimeandika matangazo manane. Hakuna aliyenifokea.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefungua orodha ya maneno nyuma ya daftari hili. Kawaida. Wastani. Hivi hivi. Iliyopauka. Iliyochuja. Iliyofifia. Isiyo na upekee. "Chapwa" nimelifuta, ni la mboga isiyo na chumvi. "Butu" ni la visu. "Dufu" nalipenda lakini lina tusi ndani yake, na abiria anaweza kushtaki. "Doro" ni la watu. Nimelitunza kwa ajili ya Mkuu. Sikujua kama lugha ina maneno mengi hivi ya kusema kwamba hakuna cha kusema.

Wifi yangu amecheka mpaka akaharibu mshono. Wifi ni fundi cherehani, na mimi nalala kwenye chumba chake cha kushonea, katikati ya nguo za wateja. Kaka yangu anasema nikipata barua ya ajira nipange chumba changu. Anasema kwa upole, ila anasema kila jioni.

Jumatano, 12 Machi

Nanakili tangazo moja nililolipenda:

"Mwavuli mweusi, wa kukunja, ukubwa wa wastani. Kitambaa cha kawaida, kimepauka kidogo. Vyuma vya kawaida. Ncha ya kawaida. Mfuko wake ni wa hivi hivi."

Ulikuwa na mpini uliotafunwatafunwa kama muwa. Mtu fulani huko nje anauma mwavuli wake akisubiri basi. Hiyo ndiyo alama, na ipo kwenye kadi. Kuhusu mpini sikuandika neno. Siwezi kuuita wa kawaida wakati si wa kawaida; uongo siuwezi, hata wa mwavuli.

Bi Kabati amesoma akapiga miayo. "Mwanangu, tangazo lako limenitia usingizi. Hongera."

Namwita mama. Sina hakika kama ananipenda au ananipima.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua tangu alfajiri. Miavuli kumi na mmoja.

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja mwalimu mmoja mstaafu, suti imelowa hadi magotini, akaomba mwavuli wake mweusi. Alama? "Mpini," akasema, huku akiona haya. "Nina tabia ya kuung'ata." Bi Kabati akaenda rafuni, akarudi mikono mitupu. Kadi inasema mwavuli ulichukuliwa juzi, na aliyeuchukua alisema alama iko kwenye mpini.

Mwalimu akauliza, "Kwani kuna mtu mwingine anayeng'ata mwavuli wake?"

Amerudi kwenye mvua na gazeti kichwani.

Jumatatu, 24 Machi

Sasa ni helmeti ya pikipiki. Alama ilikuwa ndani, kwenye sponji, ambako mwenyewe aliandika majina ya watoto wake. Niliandika ganda la kawaida, kioo cha kawaida, mkanda wa kawaida. Imechukuliwa Ijumaa. Mwenyewe amekuja leo.

Mkuu ametuita wote wawili. Alizungumza huku akitazama kalenda ukutani. "Alama zipo kwenye kadi. Kadi zipo kabatini. Aliyekuja Ijumaa alijuaje?"

"Alisema ndani, kwenye sponji," Bi Kabati akajibu. "Ni sahihi. Nikampa. Sheria yako hiyo, mkuu."

"Alikuwaje?"

Bi Kabati akafikiri. "Mwanamume. Si mrefu, si mfupi. Mkuu, kwa siku wananipitia watu mia mbili."

Jibu hilo sikulipenda. Nilipotoka nikajiuliza nani mwingine anaweza kulifungua kabati, sikumpata.

Ijumaa, 28 Machi

Nimeanza kumtazama. Ninaandika ili nisije nikasema niliota.

Asubuhi aliongea na simu akiwa ameelekea ukutani, mkono mdomoni. Niliposogea akakata. Saa sita alitoa kadi mbili, ya mwavuli na ya helmeti, akanakili kitu kwenye karatasi ndogo, akaikunja mara nne, akaitia ndani ya pochi yake. Kadi hizo mali yake imeshatoka. Anazinakili za nini?

Nilimuuliza kama anahitaji msaada. Akasema, "Msaada wa nini, mwanangu? Kaa na maneno yako."

Jumatano, 2 Aprili

Jioni wifi aliuliza, "Leo mmeokota nini? Nipe kioja." Kila siku mimi humpa kioja: mpini uliotafunwa, majina ndani ya sponji. Leo nikaona kijiko kimenisimama mkononi. Wifi naye anajua alama zote. Wateja wake wanaingia na kutoka siku nzima, na mdomo wake na cherehani yake vinaanza na kumaliza pamoja.

Nikasema hatukuokota kitu. Akanitazama. "Mvua yote hii, watu hawasahau vitu?"

"Hawasahau."

"Haya, wifi. Kama nimekukosea sema, usininunie kwenye ubwabwa wangu."

Nimelala nikizihesabu nguo zinazoning'inia.

Jumatano, 9 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Saa nne alifika msichana, umri wangu, amemaliza chuo cha ukunga. Wiki iliyopita alisahau sanduku kwenye basi la asubuhi. Lilikuwa na vyeti vyake vyote, halisi, vya tangu shule ya msingi, kwa sababu hospitali moja ilimwita kwenye usaili na ikataka kuviona. Aliliona tangazo langu kwenye kioo akalitambua. Tangazo lenyewe ni hili:

"Sanduku la bluu lililochuja, la magurudumu, ukubwa wa wastani. Magurudumu ya kawaida. Mkono wa kuvutia wa kawaida. Bitana ya kijivu isiyo na upekee."

Bi Kabati akauliza alama. "Zipu," msichana akasema. "Ilikatika, mama yangu akashona nyingine ya kijani, kwa mkono. Mwishoni uzi ulimwishia, akamalizia na mweupe." Alisema akitabasamu, kama mtu ambaye tabu zake zimekwisha.

Nilikuwa nimeshaiona ile kadi. Sanduku lilitoka jana mchana. "Mdai ametaja: kwenye zipu."

Bi Kabati alimwambia taratibu, amemshika kiganja kupitia dirishani. Msichana hakulia. Aliuliza mara tatu, kwa sauti ileile, "Sasa mimi ni nani?" Mara ya tatu Mkuu akafungua mlango wake wa kioo, akamwambia yeye ni mteja, atulie, suala lake linashughulikiwa.

Alikaa kwenye benchi la abiria hadi saa tisa. Mvua ilimfikia miguuni na hakuisogeza. Mimi nilikuwa naandika tangazo la chupa ya chai, nikaandika "ya kawaida" mara nne kwenye mstari mmoja.

Nilipoinua uso, Bi Kabati alikuwa anainakili kadi ya sanduku.

Alhamisi, 10 Aprili

Mkuu ameniita peke yangu. Alifunga mlango, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Makao makuu wanataka jina," alisema. "Mimi ufunguo sina. Kwa hiyo ni wewe au ni yeye."

"Mkuu, mimi sijawahi hata kuugusa ufunguo."

"Basi umeshajibu. Andika unachokijua."

"Sijui chochote. Nina shaka tu."

"Andika shaka." Akaitoa barua yangu ya ajira, akaiweka juu ya meza, akaisawazisha kwa kidole ikawa sambamba na ukingo. Hakuitaja.

Niliandika ukurasa mmoja. Simu ya kuelekea ukutani, tarehe. Kadi zilizonakiliwa, tarehe. Karatasi iliyokunjwa mara nne. Kila neno ni la kweli. Nilipomaliza niliusoma, nikaona nimemchora mwizi.

Ijumaa, 11 Aprili

Bi Kabati amesimamishwa kazi. Mkuu alimsomea ripoti yangu mbele yangu. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba aione, akaisoma mwenyewe, midomo ikitembea.

"Umeandika vizuri," akaniambia. "Miaka kumi na tisa nipo hapa, sikujua kama naweza kuandikwa hivi."

Akaacha ufunguo juu ya daftari la dirishani. Hakuniita mwanangu.

Jumatatu, 14 Aprili

Nakaa dirishani sasa. Ufunguo ni mdogo kuliko nilivyodhani.

Jumatano, 16 Aprili

Madereva hawanisalimii. Mfagiaji amefagia hadi mlangoni kwangu, uchafu akauacha hapo.

Jumatano, 23 Aprili



Jumatatu alikuja mtu kudai begi la ngozi. Mimi mwenyewe nilikuwa dirishani, mimi mwenyewe nilikuwa na ufunguo. Nikauliza alama iko wapi. Akasema, "Kwenye bitana." Kweli, bitana ilikuwa na kiraka chenye umbo la samaki. Nikampa, nikamwambia karibu tena.

Leo ameingia mzee mmoja fundi saa, anatafuta begi lake la ngozi lenye vifaa vyake vya kazi. Alama? "Ndani kuna kiraka cha samaki," akasema. "Alikishona marehemu mke wangu."

Nilimwambia bado tunatafuta, arudi wiki ijayo. Aliniombea heri. Nilimtazama akiondoka, anachagua pa kukanyaga katikati ya madimbwi, na nilijua kuwa siku kumi na mbili zimepita tangu Bi Kabati akanyage hapa.

Kwa hiyo si yeye. Nimejaribu kulipindua kila upande: labda alikuwa na ufunguo wa pili, labda ana mshirika. Lakini begi la ngozi liliokotwa Alhamisi iliyopita. Kadi yake niliiandika mimi. Hajawahi kuiona.

Halafu wazo jingine likaja: Mkuu akijua, atasema ni mimi. Na mimi ningesema nini?

Alhamisi, 24 Aprili

Sijasema. Mvua.

Ijumaa, 25 Aprili

Sijasema. Nimejaribu kumkumbuka yule mtu wa begi. Shati, nadhani. Ana pua. Nimeipekua orodha yangu yote ya maneno, na kila neno linamfaa.

Jumanne, 29 Aprili

Jioni wifi alinipitia kazini, alikuwa amekwenda kununua vifungo karibu na kituo. Nilikuwa nafunga dirisha. Yeye alisimama nje chini ya kibaraza, anasoma matangazo kwenye kioo ili muda upite. Nikasikia anacheka peke yake.

"Wifi," akaniita. "Hili koti lina nini mikononi?"

Koti hilo liliokotwa leo. Mkono wa kushoto una viraka viwili vya kiwiko, kimoja juu ya kingine. Nilikuwa nimeshaacha kumsimulia tangu mwanzo wa mwezi.

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

"Mimi sijakwambia kitu."

"Umeniandikia hapa. Njoo usome." Akaweka kidole kwenye kioo. "Koti la kijivu la kiume. Kola ya kawaida. Vifungo vya kawaida. Mifuko ya kawaida. Bitana ya kawaida. Mgongo wa kawaida. Mikono iko wapi? Koti lisilo na mikono ni kizibao, na hukuandika kizibao."

Nikasogea, nikasoma.

"Mimi ni fundi," akaendelea, bado anacheka. "Mteja akileta gauni, akaisifu kola, akalisifu pindo, akanyamaza kiunoni, sihitaji kumuuliza linambana wapi. Na hiki kibegi hapa ni mkanda wake, si ndiyo? Na hii redio, tatizo lipo kwenye kifuniko cha betri. Ngoja, usiniambie, huu mchezo mzuri." Akageuka, akaniona uso. "We, vipi? Umeona nini?"

Nilikaa kwenye sakafu ya kibaraza, penye maji.

Aliketi pembeni yangu na vifungo vyake mapajani, nikamweleza yote. Mwavuli ambao mpini wake nilishindwa kuuita wa kawaida. Sanduku ambalo zipu yake sikuitaja. Ripoti. Nilimweleza hata kwamba nilimshuku yeye.

Alikuwa akichezea kifungo kimoja. "Mimi?" akasema. "Na ubwabwa wangu umekula?"

"Nimekula, wifi."

"Basi twende nyumbani. Kesho utajua wa kumwendea. Leo huna hata sura ya kubishia hodi."

Jumatano, 30 Aprili

Sikumwendea mtu. Nilihesabu siku zilizobaki: thelathini. Nikifunga mdomo siku thelathini na kubadilisha tu namna ninavyoandika matangazo, wizi utakoma wenyewe, barua itatiwa sahihi, na hakuna atakayejua. Nimeandika hili ili niliangalie. Nimeliangalia.

Jumatatu, 5 Mei

Bi Kabati anakaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Nilibisha hodi nikasimama mbali na mlango. Alifungua akiwa na unga mikononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunakili nini?"

Nikamweleza nikiwa nimesimama palepale. Alisikiliza kama alivyosikiliza ripoti, bila kunikatiza. Nilipofika kwenye zipu ya kijani alifumba macho.

"Kumbe hivyo," akasema. "Na mimi nilikuwa nikikusifu, nakwambia tangazo lako linanitia usingizi. Sote tulilala."

"Ile karatasi, mama. Niliiona nikafikiri..."

"Nilijua umeiona." Akaingia ndani, akarudi na mwavuli mweusi wenye mpini uliotafunwa. "Kila Jumamosi naenda soko la mitumba na karatasi yangu. Vitu vya watu vikiibwa, huko ndiko vinakokwenda. Huu nimeununua. Sanduku la bluu nimeliona, tupu. Muuzaji kasema lilifika hivyo. Vyeti hakuna."

"Na simu?"

"Simu ni ya daktari wa macho yangu. Sikutaka Mkuu ajue, angeniondoa dirishani." Alinitazama kwa macho hayo mabovu. "Ungeniuliza tu, binti. Ulikuwa umbali wa viti viwili."

Hakunikaribisha ndani. Alisema, "Mimi nimeshasikia. Aliyeipokea ile ripoti bado hajasikia."

Jumatano, 7 Mei

Mkuu alinisikiliza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Nilitarajia anifokee. Badala yake akaonekana kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ni sawa," akasema. "Inaandikika. Chukua karatasi. 'Kufuatia mapitio, ulibainika upungufu wa kawaida wa kiutaratibu katika uandishi wa matangazo, ambao umerekebishwa.' Basi. Sihitaji majina."

"Na Bi Kabati, mkuu?"

"Atapangiwa ghala. Kimyakimya. Amebakiza miaka michache."

"Lakini watu watasema aliiba."

"Watu watasahau. Ndiyo maana ya kuandika hivyo." Akasogeza kalamu. "Wewe una kipaji cha maneno haya. Usiniambie leo umeishiwa."

Sikuwa nimeishiwa. Yalikuja yote, yamepanga foleni: kawaida, wastani, isiyo na upekee. Ningeweza kuandika ukurasa ambao msomaji akimaliza hakumbuki chochote, na Bi Kabati angebaki humo ndani bila kutajwa, na kila mwenye akili angejua mahali ambapo hapakutajwa.

Nikaandika: "Mimi, karani wa matangazo, niliandika kila sehemu ya kila kitu isipokuwa sehemu yenye alama. Mwizi alihitaji kusoma tu. Kwa kosa hilo mkunga amepoteza vyeti vyake na fundi saa vifaa vyake, na huyu fundi saa nilimdanganya. Nilimtuhumu Bi Kabati kwa ripoti ya tarehe 10 Aprili. Hana kosa lolote. Naiondoa ripoti hiyo." Nikaandika jina langu kamili.

Mkuu alisoma amesimama. "Hii nikiipeleka juu, ile barua yako siwezi kuitia sahihi."

"Najua, mkuu."

"Unaogopa?"

"Ndiyo, mkuu."

"Hata mimi," akasema, jambo ambalo sikulitegemea, akagonga mhuri.

Jumatatu, 12 Mei

Bi Kabati amerudi. Madereva wamepiga honi. Amenisalimia kama anavyosalimia abiria.

Sasa kila sehemu naiita ya kawaida, hata isiyo ya kawaida. Ni uongo. Nimeukubali, ila bado kila mara kalamu inasita.

Alhamisi, 15 Mei

Mtu amesimama mbele ya kioo tangu asubuhi. Sijui ni tangu saa ngapi, maana nilimtazama mara nyingi kabla ya kumwona. Anasoma tangazo la begi la mgongoni, anarudia, anasogea karibu, anarudi nyuma. Saa tano akaja dirishani.

"Alama iko wapi?" Bi Kabati akauliza.

"Ni begi la kawaida tu," akasema, na sauti yake nikaitambua: ni yule wa begi la ngozi.

"Yote hapa ni ya kawaida, baba. Alama iko wapi?"

Akasema atarudi na risiti. Nilikimbia nje kumwita mlinzi. Mlinzi akauliza yukoje. Nikasema si mrefu, si mfupi, shati, rangi sijui, umri wa wastani. Mlinzi akatazama umati wa abiria mia tatu wenye mashati. "Nimkamate yupi, dada?"

Tangu hapo kila mwanamume anayesimama kwenye kioo namtilia shaka. Baadhi wanaona, wananisalimia kwa adabu nyingi.

Jumanne, 20 Mei

Mkunga amejibiwa na chuo: nakala za vyeti zitachukua miezi minne. Usaili umeshapita. Nilimwandikia barua kueleza kosa langu. Amejibu mstari mmoja: "Nimepokea." Fundi saa nilimwendea mwenyewe. Hakuniombea heri.

Jumatatu, 26 Mei

Siku ya tatu bila mvua. Mwavuli mmoja tu.

Ijumaa, 30 Mei

Leo majaribio yameisha. Makao makuu hawakunifukuza wala hawakuniajiri. Walituma fomu ijazwe na mtumishi anayefanya kazi karibu nami, wao waamue. Yaani Bi Kabati. Aliijaza mchana, ameisogeza karibu kabisa na uso. Nilijifanya napanga miavuli.

Alipomaliza alinisukumia. "Soma. Sitaki kuandika mtu bila yeye kuona."

Mbele ya neno "Tabia" alikuwa ameandika: "Mwoga sana. Kwa woga alinisingizia wizi. Baadaye, akiwa bado mwoga vilevile, alisema kosa lake bila kulazimishwa na akaandika jina lake. Aongezewe miezi mitatu, akae dirishani nimwone."

Niliisoma mara mbili. "Mama, hilo neno 'sana'. Huwezi kulifuta?"

"Naweza. Lakini nikianza kufuta nitafuta na mengine, utabaki karani kama makarani. Watajuaje wanamwongezea nani?"

Akaitia fomu kwenye bahasha, akailamba, akaifunga. Halafu akakivuta kiti changu kwa mguu, akakileta pembeni ya chake, karibu kiasi kwamba viwiko viligusana.

Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa amepoteza kiatu kimoja.

"Muulize," Bi Kabati akasema.

Nikamuuliza ni cha mguu gani.